Uzi: Fay Jones, msanifu aliyebaki Arkansas na kanisa lake la vioo katikati ya msitu

#1 Mchora Mstari (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Tukitaja wasanifu majengo wa Marekani humu jukwaani, majina huwa yale yale: Frank Lloyd Wright, Louis Kahn, na wale wa maghorofa ya Chicago na New York. Leo naomba tumjadili mtu aliyefanya kazi karibu maisha yake yote akiwa Fayetteville, mji mdogo wa chuo kaskazini magharibi mwa jimbo la Arkansas. Alichora nyumba za maprofesa, madaktari na wafanyabiashara wa milima ya Ozark, na ofisi yake ilikuwa na watu wachache tu. Mwaka 1990 Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani, AIA, ikampa Medali ya Dhahabu, heshima ya juu kabisa katika fani hiyo kule. Jina lake ni Euine Fay Jones.

Msimamo wangu nausema mapema ili mnibane vizuri. Naamini Jones alifika pale KWA SABABU alibaki Arkansas. Wengi husema alifanikiwa ijapokuwa alibaki huko, na hapo ndipo nisipokubaliana nao. Mbao, mawe, miti na mafundi aliowajua ndivyo vilivyomfanya awe yeye.

Alizaliwa Pine Bluff, Arkansas, tarehe 31 Januari 1921. Utoto wake mwingi ulipita El Dorado, mji wa mafuta kusini mwa jimbo, ambako wazazi wake walikuwa na mgahawa. Alikuwa mtoto wa kujengajenga. Alijijengea kibanda juu ya mti, akakiwekea hadi meko. Akiwa bado shule ya sekondari, mwaka 1938, aliingia sinema akaona filamu fupi kuhusu jengo jipya la kampuni ya Johnson Wax huko Racine, Wisconsin, kazi ya Frank Lloyd Wright. Zile nguzo zilizochanua juu kama uyoga zilimwingia moyoni, na kuanzia siku hiyo alijua anataka kuwa nani.

Tatizo ni kwamba Arkansas wakati huo haikuwa na shule ya usanifu majengo. Akaingia Chuo Kikuu cha Arkansas kusoma uhandisi, kitu kilichokuwa karibu zaidi na ndoto yake. Vita vikaja, akawa rubani wa jeshi la majini upande wa Pasifiki. Mwaka 1943 akamwoa Mary Elizabeth Knox, ambaye wote walimwita Gus. Aliporudi, akakuta John G. Williams ndiyo kwanza ameanzisha masomo ya usanifu Fayetteville, mwaka 1946. Jones akawa miongoni mwa kundi la kwanza kabisa la wanafunzi, akahitimu 1950, na mwaka uliofuata akamaliza shahada ya pili Chuo Kikuu cha Rice, Houston.

Kuna tukio la 1949 ambalo lazima nilitaje. AIA ilikuwa ikimpa Wright Medali ya Dhahabu katika mkutano wake wa Houston. Jones na wenzake wakasafiri hadi huko, wanafunzi wasio na kadi ya mwaliko, wakawa wanazubaa kwenye korido za hoteli mpya ya Shamrock. Mzee Wright, aliyekuwa amepita miaka 80, akatoka peke yake akikwepa ile hafla, akakutana nao uso kwa uso. Akamshika Jones mkono, wakazunguka naye hotelini, mzee akimwonyesha kila kilichokosewa. Miaka 41 baadaye medali ile ile aliyokuja kuichukua Wright siku hiyo ilikwenda kwa yule kijana wa koridoni.

Miaka ya 1951 hadi 1953 Jones alifundisha Chuo Kikuu cha Oklahoma chini ya Bruce Goff, msanifu wa ajabu ambaye hakuna nyumba yake inayofanana na nyingine. Mwaka 1953 akaenda kuishi na kujifunza kwa Wright huko Taliesin, majira ya joto, pamoja na mkewe na watoto. Mwaka huo huo akarudi nyumbani Fayetteville kufundisha, na hakuhama tena. Alifundisha hadi 1988, na katikati hapo alikuwa mkuu wa kwanza wa shule hiyo ya usanifu.

Nashusha kwanza hapa, naendelea.

#2 Studio Usiku

Mkuu, mimi ni mwanafunzi wa usanifu mwaka wa tatu na jina hili sijawahi kulisikia darasani. Nimeweka kambi. Ila kabla hujaendelea: mtu anafundisha muda wote huo, kuchora kwa ajili ya wateja alikuwa anachora saa ngapi? Na alianza na nini?

#3 Mchora Mstari (mleta uzi)

Studio Usiku, karibu sana. Alianza na nyumba, na nyumba ndizo zilizomlisha kwa zaidi ya miaka 25 kabla dunia haijamjua. Mshahara wa chuo ulimpa nafasi ya kuchagua kazi, kwa hiyo hakulazimika kupokea kila mchoro uliokuja ofisini. Hilo tulitafakari sisi ambao tunachora ramani kumi kwa mwezi ili kodi ilipike.

Nyumba ya kwanza kuiangalia ni yake mwenyewe, iliyokamilika 1956 kwenye mteremko wa kilima hapo Fayetteville. Kiwanja kilikuwa na jabali. Mkandarasi mwingine angeita watu wa baruti. Jones aliliacha lilipo, akajenga ghorofa ya chini kwa mawe ya shambani kulizunguka, jabali likawa sehemu ya sebule ya chini. Ghorofa ya juu ni ya mbao, imejaa madirisha, na inatokeza kuelekea kwenye miti. Ukiwa chini uko kama pangoni, ukipanda juu uko kwenye kile kibanda chake cha utotoni. Pango na kiota ndani ya nyumba moja, na si nyumba kubwa.

Ya pili inaitwa Stoneflower, ya 1965, karibu na Heber Springs. Ni nyumba ndogo ya mapumziko aliyowachorea wasanifu wa mandhari wawili. Chini mawe, bafu lake limekaa kama pango lenye maji. Juu, kiboksi chembamba kirefu cha mbao, na kenchi za paa zimeachwa wazi bila dari, zikipishana juu ya kichwa chako. Shikeni hiyo picha ya kenchi zinazopishana, tutaihitaji.

Kuna mteja mmoja mnamjua. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Jones alimchorea nyumba mfanyabiashara wa maduka wa Bentonville, ikajengwa juu ya kijito. Mfanyabiashara huyo alikuwa Sam Walton, na duka la kwanza la Walmart lilikuwa bado halijafunguliwa, hilo lilikuja 1962. Nyumba ilipigwa radi ikaungua mwanzoni mwa miaka ya 1970, akina Walton wakaijenga tena pale pale. Wakati huo tayari walikuwa na uwezo wa kumwita msanifu yeyote duniani.

Na jambo moja zaidi kuhusu utaratibu wake. Taa alichora mwenyewe. Meza, viti, makabati alichora mwenyewe. Aliamini nyumba ni lazima iwe na wazo moja linalozaa mengine yote, hivyo ukikuta umbo fulani kwenye paa utalikuta pia kwenye taa na kwenye mguu wa meza.

#4 Fundi Kenchi

Habari za humu. Mimi ni fundi wa kupaua, niko Mafinga, mbao za paini ndiyo maisha yangu. Hayo ya kuacha kenchi wazi bila dari nimeyapenda lakini nina maswali. Kenchi ikiwa wazi kila kosa linaonekana, kila msumari, kila kiungo. Hapa kwetu dari ndiyo inatusitiri. Huyo bwana alitumia mbao gani na alizifungaje?

#5 Mchora Mstari (mleta uzi)

Fundi Kenchi, swali lako limenifikisha hasa nilipotaka kwenda. Tuingie Thorncrown, lile kanisa la vioo nililolitaja kwenye kichwa cha uzi.

Alikuwepo mwalimu mstaafu aitwaye Jim Reed. Alinunua ardhi karibu na Eureka Springs, milimani, kiasi cha saa moja kwa gari kutoka Fayetteville, akajenga nyumba ya kustaafia. Mahali penyewe pana mandhari nzuri, na wapita njia wakawa wanasimamisha magari na kuingia kwake kutazama milima. Mwingine angeweka uzio na kibao cha "usiingie". Reed aliwaza kinyume: awajengee wageni hao kanisa dogo la kioo katikati ya msitu, watu wakae humo wapumzike na kumtafakari Mungu. Akamwendea Jones.

Ujenzi ulianza 1979. Katikati ya safari fedha zikaisha. Reed anasimuliwa kwamba alishuka hadi kwenye jengo lililokwama akapiga magoti, na siku chache baadaye mwanamke mmoja wa Illinois akatoa mkopo uliomalizia kazi. Kanisa likafunguliwa tarehe 10 Julai 1980.

Sasa vipimo, maana najua mafundi mnataka namba. Upana futi 24, urefu futi 60, kwenda juu futi 48. Yaani sakafu ni kama mita 7.3 kwa 18.3, kama madarasa mawili hivi ya shule ya msingi yaliyounganishwa, lakini kimo chake ni karibu mita 15. Madirisha 425. Kioo chote ni zaidi ya futi za mraba 6,000, na ni kioo cheupe cha kawaida kisicho na rangi.

Mbao ni paini ya kusini mwa Marekani, ndugu yake wa hiyo unayoipasua Mafinga. Na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Jones hakutaka kuharibu msitu, hivyo hakukubali barabara pana ya malori na winchi ikatwe hadi kiwanjani. Akaweka sharti: kipande chochote cha kujengea kisizidi kile ambacho watu wawili wanaweza kukibeba kupita kwenye miti. Sharti hilo moja ndilo lililochora jengo. Hakuna boriti kubwa. Kuna inchi 2 kwa 4, 2 kwa 6, 2 kwa 12, saizi za dukani kabisa, zimeunganishwa zikawa nguzo na kenchi. Kenchi zilifungwa zikiwa zimelala chini sakafuni, kisha zikainuliwa.

Kuhusu viungo ulivyouliza. Pale mbao zinapopishana katikati ya kenchi, badala ya kuzirundika moja juu ya nyingine, aliweka kiungo cha chuma chenye umbo la almasi, na katikati ya kiungo hicho ni WAZI. Sehemu ambayo kila fundi angeijaza ili iwe imara, yeye aliitoboa ikapitisha mwanga. Ukitazama juu unaona safu ya matundu yenye umbo la almasi yanayong'aa, pale ambapo ulitegemea kuona fundo la mbao.

Wazo la msingi alilitoa Paris, kwenye Sainte-Chapelle, kanisa la karne ya 13 ambalo kuta zake karibu zote ni vioo. Makanisa yale ya Kigothi, mtindo wa Ulaya wa zama za kati, yana paa la mawe linalosukuma kuta zitanuke kwenda nje, ndiyo maana yamewekewa nguzo za nje za kuzisukuma zirudi. Jones aligeuza mambo. Jengo lake ni jepesi, la mbao, kwa hiyo mihimili ya kulishikilia aliiingiza NDANI, ikavuta kuta zisiachane badala ya kuzisukuma. Njia hiyo ya kulitafuta jibu upande wa pili wa jambo alikuwa nayo hadi mwisho. Mtindo wenyewe aliuita Gothi ya Ozark.

Mbao zilipakwa rangi ya kijivu na kusuguliwa kwa mkono, zikafanana na magome ya miti inayolizunguka kanisa. Chini ni mawe ya huko huko, zaidi ya tani 100, na sakafu ni mawe bapa.

#6 Dada wa Springfield

Naomba nichangie maana mimi nimeingia humo ndani. Naishi Springfield, Missouri, si mbali na mpaka wa Arkansas, na tulikwenda na kikundi cha kanisa chetu, wengi wetu tukiwa Wakongo na Watanzania.

Mleta uzi umeeleza vizuri lakini picha na namba hazikuandai. Unaacha gari, unatembea kwa miguu kwenye njia ya msituni, na kanisa hulioni mpaka umelikaribia sana. Kiingilio hakuna, kuna sanduku la sadaka tu. Tulipoingia, mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa anaongea tangu kwenye gari alinyamaza. Alikaa kwenye benchi akaangalia juu muda mrefu, halafu akaanza kuimba pambio kwa sauti ya chini, na sisi tukamwitikia. Wageni wengine wazungu waliokuwemo walituachia nafasi tukamaliza.

Nilichokichunguza mimi ni nguzo. Nilisogea nikagusa. Unaona kabisa ni mbao nyembamba zimeshikanishwa, kuna pengo dogo kati yake, na bolti zimepangwa kwa mstari. Hakuna kilichofichwa. Jua linapotembea, vivuli vya zile mbao vinatembea sakafuni na kwenye mabenchi, hivyo ukikaa nusu saa umekaa kwenye chumba kingine. Taa zimefungwa kwenye nguzo za pembeni, na kukiingia giza zinaakisiwa kwenye vioo, unaona kama zimening'inizwa huko nje kwenye miti. Kaka Mchora Mstari, umewahi kueleza kwa nini ukuta wa chini si kioo? Maana ukikaa kwenye benchi, pembeni yako kuna ukuta mfupi wa mawe.

#7 Mchora Mstari (mleta uzi)

Dada, asante mno. Ushuhuda huu umeupa uzi uhai ambao mimi nisingeweza kuupa.

Ule ukuta wa mawe unatazamwa hivi: Jones alipenda jengo litoke ardhini taratibu. Kioo kikianzia sakafuni, jengo linaonekana limeletwa likawekwa. Jiwe la pale pale likianza kwanza, halafu mbao, halafu kioo, macho yanapanda kutoka kizito kwenda chepesi, kama mlima wenyewe unavyokwenda kutoka mwamba hadi majani. Ni mpangilio ule ule wa nyumba yake ya 1956 na wa Stoneflower. Ndiyo maana niliwaomba mshike ile picha ya kenchi zinazopishana: Thorncrown haikumshukia ghafla akiwa na miaka 59. Alikuwa ameifanyia mazoezi kwenye nyumba za watu kwa robo karne.

#8 Jicho la Tatu

Wakuu uzi mzuri lakini naomba nipinge. Ukiondoa kanisa hilo moja, huyu si kivuli cha Wright? Mawe ya shambani, paa pana, meko katikati, samani za kujichorea, "nyumba ikue kutoka ardhini". Yote ni Wright. Halafu Fayetteville hiyo hiyo alitoka Edward Durell Stone, aliyekwenda New York akafanya kazi kwenye ukumbi wa maonyesho wa Radio City, akachora ubalozi wa Marekani New Delhi na Kituo cha Kennedy kule Washington. Huyo ndiye aliyefika mbali. Kubaki kijijini tusikugeuze kuwa sifa.

#9 Mchora Mstari (mleta uzi)

Jicho la Tatu, hoja nzito na nimefurahi umemtaja Stone, maana ulinganisho huo ndio wenyewe.

Kuhusu Wright: ni kweli, na Jones mwenyewe hakuwahi kulificha, alimtaja mwalimu wake hadi mwisho. Nyumba zake za miaka ya 1950 ukizitazama haraka unaweza kudhani ni za mzee. Lakini tazama wanakoachana. Wright alipenda kutandaza, mistari mirefu ya kulala, dari fupi. Jones kadiri alivyokua alikwenda JUU. Stoneflower ni nyembamba na ndefu kwenda juu, Thorncrown vivyo hivyo. Sababu iko wazi ukisimama Ozark: pale ni msitu mnene wa milimani, mwanga unatoka juu, na mashina yamesimama wima pande zote. Wright alianzia kwenye tambarare za Illinois na Wisconsin. Kanuni ni moja, nchi ni tofauti, na jengo likafuata nchi. Kivuli hakifanyi hivyo.

Kuhusu Stone: simpunguzii kitu, ni msanifu mkubwa. Lakini jengo lake la New Delhi na lile la Washington yanaongea lugha moja, nguzo nyembamba, marumaru nyeupe, paa bapa. Mtindo wake aliubeba begani kila alikokwenda. Jones hakuwa na mtindo wa kubeba, alikuwa na mahali. Mwaka 2000, AIA ilipotazama majengo ya Marekani ya karne yote ya 20, Thorncrown iliwekwa ya nne. Jengo la mbao za dukani, la mwalimu mstaafu, likiwa pamoja na kazi za Wright na maghorofa ya miji mikubwa. Mwaka 2006 AIA ikalipa pia tuzo ya majengo ambayo yamethibitisha ubora wake kwa miaka 25.

#10 Mhifadhi wa Kale

Naomba niongeze upande ambao haujaguswa. Mleta uzi umetaja Walton. Kuna mteja mwingine wa Jones: Orval Faubus. Huyu ndiye gavana wa Arkansas aliyetuma askari wa jimbo mwaka 1957 kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie Central High School ya Little Rock, hadi Rais Eisenhower akapeleka jeshi. Faubus alipoondoka madarakani 1967 alihamia kwenye jumba la mawe na mbao huko Huntsville, Arkansas, na mchoraji ni Fay Jones. Tukisema jengo linatoka mahali, basi mahali hapo palikuwa na hayo pia. Tusiyafunike kwa uzuri wa msitu.

#11 Mchora Mstari (mleta uzi)

Mhifadhi wa Kale, ni kweli tupu, na nakushukuru kwa kulileta.

Nyumba hiyo ipo. Ilizua maneno wakati ule ule, watu wakiuliza mshahara wa gavana ulitoshaje kujenga kitu kama kile. Kiusanifu ni kazi nzuri, na hilo halinifariji. Msanifu huchagua mteja kama mteja anavyochagua msanifu, na nimeshasema humu kwamba Jones alikuwa na mshahara wa chuo uliompa uhuru wa kuchagua. Hoja yangu mwenyewe inanifunga: alichagua. Mimi naona doa hapo, na nalihesabu pamoja na kazi zake nyingine.

Na iko tofauti ninayoiona kubwa kati ya wateja hawa wawili. Nyumba ya Huntsville ilijengwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye madaraka. Thorncrown ilijengwa na mtu aliyekataa kuweka uzio, na leo mama wa Bukavu anaingia bila kulipa na anaimba. Mchoraji ni mmoja. Kwa hiyo tukimjadili msanifu, tumjadili na aliyemtuma.

#12 Fundi Kenchi

Mchora Mstari, umejibu kiume. Mimi nirudi kwenye ufundi. Hilo sharti la watu wawili nimeliwaza tangu jana. Huku tunabeba hivyo hivyo, mbao zinapandishwa mlimani begani kwa sababu gari halifiki, lakini sisi tunaona ni shida tu. Sikuwahi kufikiria kwamba mchoraji anaweza kukaa na fundi mwanzo kabisa akauliza, "mnaweza kubeba nini?", halafu achore kutokana na jibu. Kwa kawaida ramani inakuja imeshakamilika, ina boriti ambayo hata kuinua hatuwezi, tunaanza kuikatakata na kuiunga kwa ujanja wetu.

Swali: baada ya hapo alirudia staili hiyo? Na jengo likoje sasa?

#13 Mchora Mstari (mleta uzi)

Fundi, ulichoandika ni zaidi ya nilichoandika mimi. Wanafunzi wa usanifu mliomo humu, someni tena post namba 12.

Alirudia, kila mara akibadilisha. Baada ya 1980 maombi ya makanisa yalimjia kutoka pande nyingi. Mildred B. Cooper Chapel ya Bella Vista, Arkansas, ya 1988, ni ndugu wa Thorncrown, ila humo matao ni ya chuma yaliyopindwa yakachongoka juu. Chuma kinakubali kupindwa, mbao za dukani hazikubali, basi jengo likawa la mikunjo. Picayune, Mississippi, kwenye bustani ya miti ya Crosby, alijenga Pinecote, banda la wazi la paini kando ya bwawa, lisilo na ukuta hata mmoja. Ukingo wa paa lake unapungua taratibu, mbao zinazidi kuachana kadiri unavyokwenda nje, hadi hujui paa limeishia wapi na matawi yameanzia wapi. Kwangu mimi hilo banda ni zuri sawa na Thorncrown, na kwa nchi zetu za joto lina mafunzo zaidi. Tangu 1986 alifanya kazi hizi akiwa na mshirika wake Maurice Jennings, na kuna nyingine Texas, Missouri na hadi California.

Hali ya Thorncrown: iko salama na bado ni kanisa linalotumika. Mwaka 2000 iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria ikiwa na miaka 20 tu, wakati kwa kawaida jengo husubiri miaka 50. Hatari iliyokuja baadaye ilitoka nje. Mwaka 2013 kampuni ya umeme iliomba kupitisha laini kubwa ya kilovolti 345 karibu na hapo. Ukuta wa kioo hauna la kuficha: ukikata miti, umevunja jengo, hata kama hukugusa ubao mmoja. Wakazi na wasanifu wakapinga kwa nguvu, na mwishoni mwa 2014 kampuni ikaondoa ombi lake.

Jones alifariki nyumbani Fayetteville mwaka 2004, akiwa na miaka 83. Mwaka 2009 shule ya usanifu aliyosoma katika kundi lake la kwanza, na kufundisha humo miaka 35, ikapewa jina lake.

#14 Studio Usiku

Mkuu, nataka kumfanyia kazi ya semina. Michoro yake naipata wapi? Na ukiwa na muda mfupi, unaanza kuchora lipi ili umwelewe?

#15 Mchora Mstari (mleta uzi)

Michoro na karatasi zake alizikabidhi Chuo Kikuu cha Arkansas, ziko kwenye maktaba yao, idara ya makusanyo maalumu, na sehemu yake wameiweka mtandaoni. Waandikie barua pepe, jitambulishe kuwa mwanafunzi.

Usianze na Thorncrown. Anza na Stoneflower, chora sehemu ya kukata kwa upana, kipimo cha 1 kwa 50, mbao moja moja. Kisha chukua karatasi nyingine uchore Thorncrown kwa kipimo hicho hicho na uziweke pamoja. Ukimaliza, ule mkato wa kenchi mpelekee Fundi Kenchi humu humu, akwambie ni kiungo gani kitamsumbua. Fundi, utakuwa tayari?

#16 Fundi Kenchi

Niko tayari. Aweke na saizi za mbao, asiandike "kenchi" tu halafu aniachie mimi nikisie.